Husuni Kubwa: vyumba viezekwe upya au libaki gofu?

Mleta mada: Kasri hili la Kilwa Kisiwani ni la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyempokea Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, mwaka 1331. Lina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, lakini mgeni akifika anaona kuta zilizokatika. Kwa nini tusiezeke vyumba vitatu vinne watu waelewe?

Chokaa Tupu: Kwa boriti zipi, mkuu? Dari la kale la pwani hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba, takriban mita 2.5 hadi 3. Juu yake hukaa mawe na chokaa, mzigo mzito, hivyo boriti hupangwa karibukaribu. Utakata mikoko ileile inayozuia mawimbi yasile ufukwe wa kisiwa.

Mleta mada: Basi nondo na saruji.

Chokaa Tupu: Hapo ndipo mnapoua ukuta. Jiwe la matumbawe la kuta hizi lina vitundu na hunywa maji ya chumvi. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Saruji huuziba, chumvi inaganda nyuma yake, jiwe linamung'unyika huku saruji imesimama kama ganda la yai. Tumia chokaa iliyozimwa kwa maji na kulowekwa wiki kadhaa, debe 1 kwa madebe 3 ya mchanga. Mchanga wa ufukweni uoshwe kwanza, la sivyo unarudisha chumvi. Kisha funika kwa magunia yaliyoloa, maana ikikauka haraka inapasuka.

Msoma Magofu: Halafu kasri lenyewe halikumalizika kujengwa. Ukiezeka unamkamilishia sultani kazi aliyoiacha, na hakuna anayejua angeimaliza vipi. (Na jina lisiwadanganye: husuni ni ngome, hili lilikuwa makazi na biashara.)

Mleta mada: Dari nimeliacha. Birika je? Lipigwe lipu mpya?

Chokaa Tupu: Utafunika lipu ya karne ya 14. Ziba kingo tu pale inapobanduka, na vichwa vya kuta uvipe mteremko maji yasituame. Miti iliyoota juu msiing'oe, mzizi unaondoka na mawe. Kata shina, acha mzizi ufe, ndipo uzibe ufa.

Msoma Magofu: Na mgeni apewe mchoro wa vyumba pale mlangoni. Karatasi haihitaji boriti.