Rangi ya macho ya maji yenye glita: hivi mnatuuzia nini?

Jamani dada zangu, leo upole sina. Hii rangi ya macho ya maji inayotembezwa Lamu kila msimu wa harusi, ya kichupa chembamba chenye kiburashi ndani, nyinyi mnaonunua inawakaa? Maana mimi nimeuziwa gundi tupu.

Muuzaji yuko papa hapa mjini, anauza kwa simu. Alinipaka nyuma ya kiganja, ikakauka, nikaisugua kwa kidole, wapi, haibanduki. "Hii habibti haitoki mpaka uitoe mwenyewe." Kwenye mkono, kweli. Lakini mkono unapepesa?

Siku ya harusi nikapaka tabaka jembamba, nikafumba macho mpaka ikakauka kama alivyonielekeza, nikavaa buibui nikatoka. Shughuli za wanawake mnazijua: milango imefungwa, udi unafuka, feni inazungusha joto lile lile. Bibi harusi hata hajatolewa, ukope umeanza kunivuta. Kisha ikapasuka penye mkunjo, ikawa inabanduka magamba, mengine shavuni, mengine ndani ya jicho la kushoto.

Na kabla hamjauliza, sikufikicha. Niliosha kwa maji mengi, lakini punje moja ikabaki chini ya ukope wa juu, kila nikipepesa inakwangua. Kesho yake daktari alinigeuza ukope akaitoa kwa kijiti cha pamba, akanionyesha. Kidude kidogo, kina pembe, na bado kinang'aa! Mimi nalia, chenyewe kinang'aa.

Glita nyingi ni plastiki nyembamba iliyopakwa alumini ikakatwa vipande. Ya vipodozi hukatwa vipande vidogo sana. Ile ya kupambia kadi ina vipande vikubwa, vina ncha, vinaweza kukwaruza konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Na rangi hizi za maji zikishakauka, kinachoshikilia glita ni utando tu. Ukiwa hafifu, jasho na mafuta ya ngozi vinaubandua. Kwa hiyo nilitaka kusoma ndani yake mmetiwa nini. Nisome wapi! Kichupa kina ua la dhahabu na jina la kurembua. Orodha ya viungo hakuna, tarehe hakuna, ile alama ya kikopo kilicho wazi ya kuonyesha miezi ya kutumia hakuna, stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hakuna, hata nchi kilikotoka hakuna.

Nikampelekea muuzaji picha ya jicho jekundu. Jibu: "Pole bibie, ukope wako una mafuta." Ukope wa nani Lamu mkavu kaskazi hii? Nilipodai pesa yangu akanifungia, na jioni ile ile kichupa hicho hicho kiko kwenye stetasi yake: "vimebaki vichache, wahini."

(Wa "si upake wanja tu" mnipishe. Wanja mwingine una madini ya risasi, nao pia huuzwa bila karatasi.)

Jina lake silitaji leo, nampa nafasi arudishe pesa. Mlionunua kichupa cha ua la dhahabu, kigeuzeni mtazame chini, kisha mniambie kama chenu kina andiko lolote. Na aliyepata ya maji inayohimili joto letu, yenye viungo vilivyoandikwa, aweke jina na bei.