Bunju vibete hawagusi chakula cha kopo, naomba ushauri (Kigoma)

Mleta uzi, Mwanga
Wakuu, nina samaki wa kufuga, bunju vibete watatu (Carinotetraodon travancoricus), sentimita 2 hivi kila mmoja. Tanki ni 60 × 30 × 30, joto 26. Wiki ya pili hii: chakula cha kopo wanakitazama tu, tembe wanaiuma na kuitema, unga wa dagaa umenichafulia maji. Mmoja tumbo limeanza kubonyea. Hapa Kigoma niwape nini?

Kisamaki
Mkuu, acha kopo na dagaa kabisa. Bunju huwinda kwa macho, kisichotikisika kwake si chakula. Kwao ni mito ya Kerala, India, na huko anakula vijidudu na konokono.

Anza leo na viluwiluwi vya mbu. Ndoo ya lita 10, konzi moja ya majani makavu, weka nje kivulini. Siku ya 4 au 5 vuna kwa chujio la chai, suuza, wape 5 au 6 kila mmoja asubuhi na jioni. Vuna kila siku bila kuruka! Ukiona vilivyojikunja kama alama ya mkato, vimebakiza siku mbili viwe mbu. Tanki lifunike kwa chandarua, na ukiacha kuvuna mwaga ndoo kwenye ardhi kavu.

Gungu Juu
Viluwiluwi vitamwokoa aliyekonda, lakini konokono asikosekane, maana meno ya bunju hayaachi kukua na gamba ndilo linaloyasaga.

Hapa ndipo wengi wa Kigoma tunakosea. Konokono wa kwenye mawe ya ziwa wana gamba nene mno. Bunju wa delta ya Malagarasi, Tetraodon mbu, hupita nusu mita, huyo analivunja. Wako atavunjika jino. Unataka wale wa mitaroni wenye gamba jepesi, milimita 3 hadi 5. Tatizo, baadhi yao ndio wabebaji wa kichocho. Usitie mkono wala mguu kwenye maji hayo, na kuwaweka kwenye ndoo siku mbili hakusaidii, mwenye vimelea huvitoa hata kwa miezi.

Chukua mayai, si konokono. Yako chini ya majani ya magugu: ute unaong'aa, mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, ndani una vinukta vyeupe. Vaa glavu ndefu za mpira, kata jani lote, suuza kwa maji ya bomba, tia kwenye mtungi wa lita 10. Kichocho hakipiti kwenye yai. Mayai huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili. Walishe jani la mchicha lililochovywa maji moto, na uwawekee kipande cha ganda la yai la kuku wapate chokaa. Kila bunju apate konokono mmoja au wawili, siku mbili mara moja.

MamaTangi
Kwanza angalieni kinyesi cha huyo aliyebonyea. Kikiwa uzi mweupe unaoning'inia, ana minyoo na utamlisha bure. Dawa ni levamisoli ya mifugo, iwe peke yake. Lebo ikiwa na dawa mbili, iache dukani. Dozi ni miligramu 2 kwa lita. Ukitoa mchanga na mawe una kama lita 45, kwa hiyo miligramu 90. Unga wa asilimia 10 ni gramu 0.9. Zima taa, funika tanki saa 24, kisha fyonza uchafu wote wa chini, kwa sababu dawa hupooza minyoo tu, na ubadilishe nusu ya maji. Rudia baada ya wiki.

Mleta uzi
Shukrani sana. Kinyesi ni cha kahawia, cha kawaida. Ila wenzake wakila, yeye hujificha nyuma ya jiwe.

Kisamaki
Basi ni ubabe. Dume utamjua kwa mstari mweusi tumboni na mikunjo nyuma ya jicho. Chukua bomba la sindano la mililita 10 bila sindano yake, chomeka mpira wa pampu ya hewa, mpelekee kiluwiluwi hadi penye jiwe ukiachie taratibu. Dume apewe chake kona ya pili wakati huohuo. Mabaki yafyonze kwa bomba hilohilo baada ya dakika 10. Panda majani mengi katikati wasionane. Tumbo likituna kama punje ya choroko, ameshiba, usiongeze.