Ufadhili wa masomo Florida: mtoto yuko kwetu, mfumo unasema yuko shule ya umma

KaraniJax

Habari zenu wakuu. Nashughulikia usajili katika shule binafsi ndogo hapa Jacksonville, na wazazi wetu wengi wanatoka Kongo na Burundi. Watoto wanasomeshwa kwa Family Empowerment Scholarship, ufadhili wa jimbo, ule upande wa shule binafsi, kupitia Step Up For Students, shirika linalousimamia. Robo hii majina kadhaa yamezuiliwa malipo kwa maelezo kwamba watoto hao wameandikishwa shule ya umma. Darasani wapo, mahudhurio yao ninayo tangu Agosti.

Naomba msaada kwa wanaojua: ukaguzi huu hufanywaje hasa? Nikusanye karatasi zipi, na zitoke wapi? Wazazi wanapiga simu kila siku wakiogopa kudaiwa ada wasiyoweza kuilipa.

---

MsomaOrodha

Ndugu Karani, anza na jambo moja: hakuna mtu anayekuja kumhesabu mtoto. Zinalinganishwa orodha mbili. Sheria inaitaka Idara ya Elimu ya Florida ilinganishe majina ya wanaopata ufadhili na majina ya walioandikishwa shule za umma, ili serikali isimlipie mtoto mmoja sehemu mbili. Jina likionekana kote kuwili, malipo husimama hadi ithibitishwe yuko wapi. Tangu sheria ya 2023 ilipofungua ufadhili kwa familia zote bila kujali kipato, orodha imekuwa ndefu sana, na majina yanayogongana nayo yameongezeka.

Orodha ya shule za umma hutokana na hesabu za wanafunzi ambazo wilaya hupeleka jimboni, kubwa zikiwa ya Oktoba na ya Februari. Mtoto huhesabiwa akiwa ameandikishwa katika wiki ya hesabu na amehudhuria angalau siku moja ndani ya wiki hiyo au ndani ya siku sita za masomo zilizoitangulia. Hilo ni dirisha la siku 11. Mtoto aliyehama shule ya umma katikati ya dirisha hilo anaweza kuhesabiwa huko kihalali kabisa, ingawa jioni hiyo hiyo begi lake limeshahamia kwenu.

Tazama pia mpangilio wa tarehe. Malipo hutolewa mara nne kwa mwaka, na ya kwanza hutoka kabla hesabu ya Oktoba haijafika jimboni. Ndiyo maana familia hupokea robo ya kwanza bila shida kisha ikazuiliwa baadaye, ikadhani imeonewa.

Kabla ya kuandika barua yoyote, gawa majina yako mafungu matatu: aliyeondoka shule ya umma lakini rekodi yake haijafungwa, aliyechanganywa na mtoto mwingine, na aliyeandikishwa huko kweli. Kila fungu lina karatasi zake. Ukituma barua ya aina moja kwa wote, utarudishiwa nyingi.

---

Mkalimani904

Naongezea kwenye fungu la pili, maana kwa familia zetu ndilo linalosahaulika.

Mtoto aliyewahi kusoma shule ya umma Florida ana namba ya utambulisho ya jimbo: herufi FL zikifuatiwa na tarakimu 12. Namba hiyo isipokuwepo kwenye taarifa za ufadhili, kinachobaki cha kumtambulisha ni jina na tarehe ya kuzaliwa, na hapo ndipo watu wetu wanapoumia.

Wakimbizi wengi waliandikiwa 1 Januari kambini kwa sababu siku kamili haikujulikana. Ukiwa na watoto wawili wa mji mmoja, wote wamezaliwa 01/01/2014 na wote wanaitwa Amani, mashine haina cha kuwatofautisha isipokuwa jina la ukoo. Na jina la ukoo nalo ni tatizo, kwa kuwa kwa Wakongo na Warundi wengi mtoto halirithi la baba. Shule moja imeandika "Byamungu Amani", nyingine "Amani Byamungu", na fomu ya ufadhili imeweka la tatu alilobatizwa nalo.

Kuna na tarehe iliyogeuzwa. Mzazi akiandika 04/09/2015 anamaanisha tarehe nne Septemba. Karani wa Kimarekani anasoma tarehe tisa Aprili. Mtoto huyo sasa ana rekodi mbili, na ile ya zamani inaweza kubaki wazi kwa sababu aliyekwenda kumwondoa alitafutiwa kwa tarehe nyingine.

Kwa hiyo chukua kitambulisho cha uhamiaji alichoingia nacho mtoto, linganisha herufi kwa herufi na fomu ya ufadhili, kisha na rekodi ya shule aliyotoka. Pale penye tofauti, rekebisha upande usiolingana na hati. Usibuni tahajia ya nne kwa kuwa inaonekana nzuri. Mapacha waangalie kwa makini zaidi: ukoo mmoja, tarehe moja, na mara nyingi majina yanayoanza kwa herufi ile ile.

---

Msajili Mstaafu

Nijibu upande wa karatasi.

Fungu la kwanza ndilo kubwa. Mzazi anamwambia mwalimu "mwakani tunahama" na anaamini kazi imekwisha. Lakini shule za umma huwapandisha watoto darasa kwenye mfumo wakati wa likizo, kwa hiyo Agosti jina lake liko tayari kwenye darasa jipya. Msimtegemee karani wa shule ya zamani kwamba ataligundua mwenyewe mkiomba rekodi za kitaaluma. Mzazi aende akamwondoe mtoto rasmi, atie sahihi, na aondoke na nakala iliyochapishwa.

Kwenye nakala hiyo soma vitu viwili: tarehe ya kutoka, na msimbo wa kutoka, yaani alama ya sababu ya kuondoka. Aliyehamia shule binafsi huandikwa W04. W24 ni aliyekwenda kusomea nyumbani. W22 ni asiyejulikana alipo. DNE ni aliyetarajiwa asitokee. Mtoto wenu akiwa na W24 wakati yuko kwenu, omba irekebishwe kwa maandishi, kwa sababu kwa ufadhili huu wa shule binafsi mtoto haruhusiwi kuwa kwenye mpango wa elimu ya nyumbani wa wilaya. Kama mzazi aliwahi kupeleka taarifa ya kusomeshea nyumbani, lazima apeleke barua ya kuusitisha mpango huo kwa msimamizi wa shule za wilaya ndani ya siku 30 tangu alipouacha.

Tarehe ya kutoka iwe kabla ya siku ya kwanza ya kuhudhuria kwenu. Zikiingiliana hata kwa siku tatu, mtu wa ofisini atasimama hapo hapo.

Kifurushi cha kila mtoto: nakala ya kuondolewa, barua kutoka shuleni kwenu yenye jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, darasa, siku ya kwanza ya masomo na sahihi ya mkuu wa shule, na mahudhurio ya siku kwa siku yanayofunika dirisha la Oktoba. Barua peke yake inayosema "ni mwanafunzi wetu mzuri" haina kazi. Kinachotafutwa ni ushahidi kwamba hayupo kule, na huo hutoka kule.

Karani wa shule ya zamani akizungusha, mzazi aombe rekodi kwa maandishi. Sheria ya shirikisho inampa haki ya kuziona ndani ya siku 45. Hizo ni nyingi kwa anayedaiwa ada, basi apeleke ombi kwa shule na kwa ofisi ya usajili ya wilaya siku moja. Na ana haki ya mkalimani bila malipo. Asimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri jambo hili.

---

KaraniJax

Asanteni sana. Nimegawa kama mlivyosema. Wawili tarehe zimegeuzwa kweli. Wengine wengi hawakuondolewa rasmi. Kuna mmoja alihamia shule ya chata (charter school) mwezi wa tisa, akakaa wiki mbili, akarudi kwetu. Mama yake anasema si shule ya umma kwa sababu wanavaa sare na ina bodi yake. Nimweleze vipi?

---

MsomaOrodha

Mweleze kwa upole, kwa kuwa kosa hili ni la wengi: shule ya chata ni shule ya umma. Haina ada na inalipwa na jimbo, sare na bodi havibadilishi hilo. Florida Virtual School kwa mwanafunzi wa muda wote nayo ni ya umma. Kinyume chake, mtoto wa shule binafsi aliyefanyiwa tathmini ya matamshi na wilaya anaweza kuwa na faili huko bila kuwa ameandikishwa. Huyo apate barua ya wilaya inayosema wazi ni tathmini tu.

Kwa huyu wa wiki mbili, msiandike kwamba alikuwa kwenu mfululizo. Mahudhurio yenu yatawaumbua, na Kamishna wa Elimu ana mamlaka ya kuisimamisha shule isishiriki katika ufadhili, hapo wataumia watoto wote. Ufadhili hukoma mtoto anaporudi shule ya umma, kwa hiyo andikeni tarehe halisi za kutoka na kurudi, ambatanisheni nakala ya kuondolewa chata, na muulize shirika la ufadhili kama anaweza kurejeshwa au aombe upya. Mama aambiwe leo hii, apange ada mapema.

---

Msajili Mstaafu

Kwa mwakani: nakala ya kuondolewa iwe sharti la usajili kwa kila anayetoka shule ya umma, pamoja na namba yake ya FL. Wazazi waliokubali nafasi za shule za umma walizoomba msimu wa kuchipua waziachie kwa maandishi, kwani kukubali nafasi tu kunaweza kumwandikisha mtoto. Wiki ya pili ya Septemba pitia orodha yote, umpigie kila mzazi ambaye faili lake halina nakala hiyo. Hapo bado mna muda wa kusahihisha kabla dirisha la Oktoba halijafunguka.