Naomba ushauri: hatifungani zisizo na kuponi za benki za uwekezaji

Wakuu, habari zenu. Niko Marekani, na dalali wangu ananishawishi ninunue hatifungani ya miaka 20 isiyo na kuponi (yaani hailipi riba ya kila kipindi), iliyotolewa na benki kubwa ya uwekezaji ya New York. Unalipa leo dola 377, ikiiva unachukua 1,000. Katikati hapo huoni hata senti. Nimepiga hesabu, ni kama asilimia 5 kwa mwaka. Waliowahi kununua dhamana za serikali za siku 364 kule nyumbani wanaujua mtindo huu wa kununua kwa punguzo, ila huku muda ni mrefu mno na mdaiwa si serikali.

Hapo ndipo roho inasita. Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya New York, nayo ilikuwa jina kubwa mpaka ilipofilisika Septemba 15, 2008. Wenye hatifungani zake waliishia kwenye foleni ya wadai, wakaambulia sehemu tu. Bima ya FDIC, ile inayolinda amana za benki huku Marekani, haizigusi kabisa hatifungani.

Halafu kuna kodi: IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) inahesabu ongezeko la kila mwaka kuwa mapato, japo mfukoni hakijaingia kitu. Mnaozimiliki, mmeziweka kwenye IRA (akaunti ya akiba ya kustaafu yenye nafuu ya kodi) au mnalipa tu hiyo kodi ya hewa?

Kinachonitatiza zaidi ni maandishi madogo: benki inaruhusiwa kuzikomboa mapema. Riba zikishuka, si watanirudishia hela wakati ambao sina pa kuziweka? Zikipanda hadi asilimia 6 kesho, bei ya hatifungani yangu inashuka hadi dola 312 hivi. Kuna aliyewahi kuuza kabla haijaiva? Dalali alikukata kiasi gani?