Tupeane uzoefu: Vita vya Kagera viliwagharimu nini nyumbani kwenu?

Mjukuu wa Ng'ambo
Habari zenu wakuu, shikamooni wazee mliomo humu. Kila mwaka ikifika Julai 25 tunasikia mizinga na hotuba za mashujaa, sawa kabisa wanastahili, lakini ile gharama iliyoingia majumbani sisikii mtu anaigusa. Mi nataka za nyumbani. Nani alipoteza nini, biashara ya nani ilikufa, baba wa nani alirudi akiwa mtu mwingine.

Naanza na ya kwetu. Sisi ni wa ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Mutukula, si mbali na Bunazi. Bibi alikuwa fundi cherehani na ndo cherehani ilikuwa inasomesha watoto maana hela ya kahawa ilikuja mara moja kwa mwaka na ilikuwa na madeni yake. Oktoba 1978 ikaanza kusikika milio mpakani, watu wakasema aah kawaida ya nduli Amin wa Uganda kutishia, bibi yeye hakusubiri, akafungua kichwa cha cherehani akakizungushia kanga mbili na gunia akakizika kwenye kibanja chini ya mgomba anaoujua yeye, meza akaiacha ndani. Siku chache baadae askari wa Amin wakaingia kweli, familia ikaondoka usiku, watoto watano na sufuria moja. Walivuka kabla daraja la Kyaka halijalipuliwa. Majirani waliochelewa, bibi hakuwahi kuwasimulia mpaka anazeeka, alikuwa anaishia kwenye "basi, wakabaki" halafu anainuka kwenda kuangalia moto.

Waliporudi 1979 nyumba haina mlango haina dirisha, mbuzi hakuna, ng'ombe hakuna (ranchi ya Missenyi yenyewe ilikombwa ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda, sembuse wawili wa bibi yangu), na bati lina matundu ya risasi. Yale matundu yapo mpaka leo. Aliyaziba kwa vipande vya kandambili na lami ila kuna moja juu ya kitanda liligoma, tumekua tunajua mvua ikianza bakuli linawekwa wapi. Mtu atasema si mngenunua bati jipya. Mwaka 1980, bati ungelipata wapi.

Haya karibuni.

Katambuga
Mkuu mi nilikuwa Dar, sikusikia hata risasi moja, ila vita vilitufuata hadi jikoni. Mwalimu Nyerere alituambia tufunge mikanda miezi 18. Mzee wangu, mwana TANU halafu mwana CCM wa kweli kweli, jioni ile akachukua msumari akauweka kwenye mkaa akatoboa mkanda wake tundu jipya, akatuonyesha huku anacheka, tukacheka wote. Kufika 1982 mkanda una matundu manne na mzee hacheki tena.

Wadogo humu hamjui foleni ya mawe. Unatumwa duka la ushirika saa tisa usiku unakuta mawe yamepangwa mstari hadi barabarani, kila jiwe lina mwenyewe amelala nyumbani. La kwetu lilikuwa nusu tofali, mama alilichora msalaba kwa mkaa. Siku moja nimefika nakuta tofali letu limesogezwa nyuma kama mawe ishirini hivi, nikalirudisha, basi mama mmoja akanikamata sikio mbele za watu akisema mi mwizi wa foleni. Sabuni ilipofika zamu yetu imeisha. Tulifulia majani ya mpapai mwezi mzima, nguo inatoka safi lakini inanuka kijani, sijui nieleze vipi. Mswaki chumvi. Ugali unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, aliyeula anajua. Na Jumapili mchana magari marufuku kutembea kuokoa mafuta, barabara nzima tunachezea mpira. Hiyo tu ndo faida niliyoiona mimi.

Hesabu Kwanza
Naomba nitofautiane kidogo na mtoa mada na mchangiaji, tusivitupie vita kila kitu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa 1977 tukaanza kujinunulia ndege na mabehewa wenyewe, bei nzuri ya kahawa ya 76 na 77 ikashuka, mafuta yakapanda dunia nzima 1979 baada ya mapinduzi ya Iran, na mashirika yetu ya umma nayo, wacha tu ninyamaze. Tungebanwa hata bila Amin.

Ila vita vilichofanya ni kukomba dola wakati ule ule tulipozihitaji. Hesabu inayotajwa na wengi ni kama dola milioni 500. Jeshi lilikuwa na watu kama 40,000, kwa miezi michache likavuka laki kwa kuongeza mgambo, JKT, polisi na magereza, na wote hao wale, wavae, wasafirishwe, na risasi hainunuliwi kwa shilingi. Halafu Kampala ikachukuliwa Aprili 11, 1979 watu wakadhani bili imeishia pale, kumbe vijana wetu wengi wamekaa Uganda hadi 1981.

Sasa niwaambie dola ikikosekana inakuwaje, maana hiyo nimeishi nayo. Nilikuwa karani kwenye kiwanda kimoja cha nguo, sikitaji. Kulikuwa na mashine inasubiri beringi moja tu, ndogo kama kifuniko cha soda, inatoka nje. Tumeomba kibali cha fedha za kigeni, miezi kumi na moja hakijatoka. Mafundi kumi na wawili wanakuja asubuhi, wanasaini, wanakaa chini ya mwembe wanacheza bao, saa tisa na nusu wanasaini wanaondoka. Mshahara unalipwa kama kawaida. Na nje ya geti akina mama wanavaa viraka na wengine magunia, na pamba ya wakulima ipo imejaa godauni. Nilikuwa naandika ile ripoti ya mwezi, kipengele cha uzalishaji, naandika sifuri, mwezi unaofuata sifuri, hadi mkubwa wangu akaniambia andika kwa maneno inaonekana kidogo afadhali.

Utingo wa Zamani
Shikamoo Hesabu. Umesema wasafirishwe, mi ndo niliwasafirisha lol.

1978 nina miaka 19, utingo kwenye Fiat la tajiri mmoja wa Shinyanga, tunabeba pamba. Mwezi wa kumi na moja tumeegesha tunasubiri mzigo wakaja watu na karatasi, gari linahitajika, dereva anahitajika, kila aliyekuwa na gari kubwa kipindi kile anajua. Tajiri akaambiwa atapewa risiti, akapewa. Dereva akaniangalia akasema we dogo shuka uende kwenu, nikasema nani atakufungulia turubai. Ujinga wa ujana huo wakuu, mi nilidhani tunaenda wiki mbili.

Tulipeleka maboksi mpaka Kyaka, tukavuka kwenye lile daraja la muda walilofunga mainjinia, Mutukula, halafu mbele. Watu wa sinema wanadhani jeshi lilipanda magari, mi nimewaona kwa macho yangu vijana wanatembea kwa mguu kwenda Kampala, buti imepasuka mbele vidole vinachungulia, mtu kabeba boksi kichwani na bunduki begani na anasinzia huku anatembea, rafiki yake kamshika mkanda asitoke barabarani. Sisi wa kwenye lori tulikuwa tunaona aibu kukaa.

Dereva wangu hakurudi. Si risasi, ni homa, alijilaza chini ya gari mchana akasema niamshe jioni.

Lori lilirudi 1980 linavutwa na kamba. Kichwa na chesi. Matairi hamna, injini hamna, turubai nililobaki kulifungua hamna. Tajiri alikuwa amelikopea na alikuwa bado analilipia, akauza nyumba ya mjini akarudi kulima. Alizunguka na ile risiti kwenye ofisi moja na nyingine miaka mingi, wanamwambia njoo mwezi ujao mzee. Aliiweka kwenye nailoni anaikunja mara nne, hadi mistari ya kukunja ikala maandishi, ukiisoma unakuta tarehe ipo, sahihi ipo, pale penye thamani ya gari pana tundu.

Binti wa Mgambo
Nimesoma ya Utingo nikafunga simu kwanza.

Baba alienda kama mgambo, alikuwa anauza samaki, akapewa mafunzo akaondoka. Mama alikuwa na mimba yangu. Kila saa mbili usiku anaweka sikio kwenye redio ya taifa, RTD, na betri anazianika juani mchana zipate nguvu. Alirudi mzima, mikono miwili miguu miwili, watu wakaja kupongeza, basi mama anasema yule aliyeingia alikuwa na sura ya baba tu. Hakulala kitandani tena, alikuwa anatandika mkeka nyuma ya mlango. Mvua kubwa ikipiga kwenye bati anatoka nje anakaa kwenye mvua yenyewe, mpaka iishe. Sisi watoto tukajua ndo baba zetu walivyo, nimekuja kushangaa nilipolala kwa rafiki yangu mvua ikanyesha na baba yake anakoroma.

Samaki hakuuza tena. Alisema harufu. Basi, hakueleza harufu ya nini. Biashara ikashikwa na mama, pombe ikashikwa na baba. Siku hizi kuna majina ya hali hiyo na kuna washauri, wakati ule jina lilikuwa moja tu, mlevi, na mimi mwenyewe nilimwita hivyo shuleni kabla wenzangu hawajamwita, ili niwawahi.

Dunia Moja
Na bado binadamu hajifunzi. SIPRI, wale watafiti wa amani na silaha wa Sweden, wanasema mwaka 2023 dunia imetumia zaidi ya dola trilioni 2.4 kwenye majeshi. TRILIONI wakuu. Gawanya kwa idadi ya watu wote ni kama dola 300 kila kichwa, pamoja na watoto wachanga, kuna watu hapo hawashiki dola 300 kwa mwaka

Mjukuu wa Ng'ambo
Mkuu takwimu nzuri ila fungua uzi wake, huu ni wa za nyumbani. Binti pole sana dada yangu.

Mjomba wa Masaka
Nyie wa Bongo mnisamehe Kiswahili changu, nimekijifunzia Mwanza. Mi nimezaliwa Masaka. Kwetu askari wenu waliitwa bakomboozi, yaani wakombozi, na ni kweli tulicheza barabarani Amin alipoondoka, mjomba wangu alikuwa amechukuliwa na watu wake na hatukumuona tena, kwa hiyo sina cha kumtetea. Ila Masaka mji wetu uliisha Februari 1979. Saba saba, yale makombora ya jeshi lenu, zilipiga usiku, na mengine yalibomolewa mji ukiwa umeshachukuliwa, kulipiza ya Kagera. Baba alikuwa na duka la vitambaa, marobota juu mpaka dari. Nimekulia kwenye mji wa magofu, tunacheza kujificha ndani ya kuta zisizo na paa, miti imeota sebuleni. Yule bibi wa cherehani, huenda kitambaa alikuwa ananunua kwa baba yangu, magendo wakati ule yalikuwa hayajui mpaka.

Mjukuu wa Ng'ambo
Ssebo karibu sana, na hukosei, kanga za bibi zilitoka huko huko.

Chaki
Mi nitaandika fupi. Nilipangiwa kufundisha shule moja Missenyi miaka ya themanini mwishoni. Kengele ya shule ilikuwa chuma kirefu cha mviringo kimening'inizwa kwenye mti, kinalia vizuri hadi kijiji cha pili. Mwaka mzima mwanafunzi wa zamu anakigonga kwa nondo. Akaja ndugu yangu mwanajeshi kunitembelea, tunakunywa chai, kengele ikagongwa ya mapumziko, akasimama na kikombe mkononi akaniuliza polepole hicho kimetoka wapi.

Kilikuwa ganda la bomu tu, kitupu. Lakini ilibidi shule ikae kimya siku nne hadi kithibitishwe. Na baada ya hapo ndo watoto wakaanza kusema, mwalimu hata kwetu kipo, mwalimu babu anakizuilia mlango. Tulikuwa na mtoto darasa la tano ana vidole viwili mkono wa kulia na mi siku zote nilidhani amezaliwa hivyo.

Katambuga
Mtoa mada, unatuacha hewani. Cherehani je? Ilipatikana?

Binti wa Mgambo
Hata mimi nimekaa hapa nasubiri hilo tu.

Mjukuu wa Ng'ambo
Hahaha sawa. Waliporudi 1979 alama yake ilikuwa imepotea, migomba imefyekwa na kumechimbwa handaki katikati ya kibanja. Bibi na watoto wakachimba wiki nzima, hamna, wakasema wameibeba. Akawa anashona kwa mkono, viraka vya watu, na kipindi kile viraka vilikuwa kazi ya kutosha. Baba yangu aliishia la saba, alikuwa amefaulu lakini ada ya vitu vya kuanzia haikuwepo, ndo akaenda kuvua. Hiyo cherehani wao huwa hawaiiti cherehani, wanaiita shule ya baba yenu.

Mwaka 1991 baba mdogo anachimba shimo la kuvundika ndizi, jembe likagonga chuma. Kwetu ukigonga chuma huulizi, unakimbia. Wakakimbia wote, wakaita mgambo, mgambo naye akasimama mbali akasema kisiguswe, wakaweka miiba kuzunguka. Siku mbili watu wanapita kwa kuzunguka. Siku ya tatu asubuhi bibi akaamka mapema akaenda peke yake, akapiga magoti pale pembeni ya shimo, akaona kipande cha pindo la kanga. Walioamka walimkuta ameshakitoa amekipakata, anakipangusa udongo kwa mate na ncha ya khanga aliyovaa.

Wakakiweka mafuta ya taa usiku kucha. Gurudumu lilizunguka nusu likakwama, na halijawahi kuzunguka zaidi ya pale. Ila sindano ilikuwa bado imo.