ATI UHURU SI WA WAVIVU! Kwenye spika! Mbele ya wateja wangu! Tarehe 30 Juni!

SaibaYaMama_Umoja · saa 3:12 usiku

Nina hasira hadi chai imenishinda kunywa. Mnamjua. Jina sitalitaja kwa sababu hakuna haja, kila mtu humu amewahi kuhubiriwa naye. Ni yule wa laptopu iliyojaa stika za pengwini, nembo ya Linux, hadi huoni rangi yake. Leo amenitukana. Mbele ya wateja. "Mama, uhuru si wa wavivu."

Mimi mvivu! Mimi ninayefungua saiba, duka la kompyuta na kuprinti, saa kumi na mbili asubuhi kabla yule wa mandazi hajawasha jiko, nikafunga saa nne usiku, miaka kumi na mmoja sasa hapa Umoja, Nairobi! Watoto wawili nimewasomesha kwa shilingi kumi kumi za kuprinti karatasi!

Ngojeni niwaeleze. Mashine zangu ni saba, za mtumba, nilizinunua barabara ya Luthuli moja moja. Zilikuwa na Windows 10, ambayo viraka vyake vya kawaida vya usalama vilikoma 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho mashine zangu hazina. Hapo ndipo huyu ndugu akanijia na maneno matamu. Mama, usinunue mashine mpya, nitakuwekea mfumo huru wa Linux, haulipiwi, na mashine ikizeeka haukufukuzi. Akaketi kwenye benchi ya wateja akanisomea zile haki nne kama mtu anayesali Kanuni ya Imani: uhuru wa kuendesha programu kwa lengo lolote utakalo, wa kuichunguza na kuibadilisha, wa kuwagawia wengine nakala, na wa kuwagawia hata ile uliyoibadilisha. Akasema wanahesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo ule wa kwanza ni wa sifuri. Nikaupenda huo wa sifuri. Mpaka saa hii ninavyoandika ninaamini ni haki yangu.

Na mfumo wenyewe ni mwepesi, siwezi kusema uongo. Mashine ya RAM ya 4GB iliyokuwa inaamka kama mgonjwa wa wiki tatu, sasa iko tayari kabla sijavuta kiti. Ndiyo maana nina uchungu. Niliupenda.

Sasa njooni leo. Siku ya mwisho ya ritani za kodi za KRA! Ukichelewa ni faini isiyopungua shilingi 2,000, kwa hiyo kila Mkenya aliyelala tangu Januari huamka siku hii hii na kuja kwangu. Foleni ilitoka mlangoni, ikapita kwa kinyozi, ikapita kwa mama mboga, ikabaki kidogo tu ifike barabara ya Outering. Watu wanataka risiti zao waende nyumbani. Printa kimya. Taa ya kijani inawaka, inanikodolea, kimya. Jana mchana iliprinti vizuri. Jana usiku nilibonyeza kile kidirisha kinachosema kuna masasisho, kama alivyonifundisha mwenyewe, na leo kazi zimepanga foleni ndani ya mashine kama watu walivyopanga foleni nje, hakuna inayotoka.

Nikampigia. Nikaweka spika kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye kibodi. Nikamweleza polepole, kwa heshima. Akasema nifungue lile dirisha jeusi. Nikafungua. Akanipa amri ya kuandika, ndefu, vistari na vinukta, nikaiandika herufi kwa herufi, mashine ikatapika mistari kama mia nne na hakuna hata mmoja unaosema FANYA HIVI. Nikamwambia, ndugu yangu, nina watu ishirini na watatu hapa, niambie tu nibonyeze wapi.

Akavuta pumzi. Nilimsikia kabisa akiivuta. Akasema: "Mama, uhuru si wa wavivu. Soma mwongozo." Akakata.

Saiba nzima ikanyamaza. Mtoto aliyekuwa analia akanyamaza. Kisha mzee mmoja aliyekuwa mbele kabisa, mzee wa heshima, mteja wangu tangu nifungue, akacheka. Akakunja kitambulisho chake kwenye leso, akasema "pole mama," akaenda kwa jirani. Wote wakamfuata. Wote!

Huo mwongozo nimeufungua. Ni mrefu kuliko Thika Road na hauna hata kituo kimoja cha kushukia. Nimepewa uhuru wa kuibadilisha programu, na mimi sijui kuandika programu. Ule mmoja ninaoujua, wa kuiendesha nitakavyo, ndio naambiwa kwanza nikasome. Mtu akirudishiwa shamba lake, kwani huambiwa asubiri hadi ajifunze kufua chuma atengeneze jembe?

Mvivu! Kwenye spika!

Kinyozi_Donholm · saa 3:19 usiku

Pole sana mama. Lakini nani husasisha mashine usiku wa kuamkia 30 Juni? Mimi hata mashine ya kunyoa siifungui kuisafisha Desemba 24.

Pengwini_Halisi · saa 3:24 usiku

Hakuna aliyekutukana. Umeambiwa ukweli ukakuuma. Huyo unayemsema amesaidia watu bure miaka yote, wengi wao wako humu na wamenyamaza. Ukitaka wa kukubonyezea, rudi kwa wanaokubonyezea na kukulipisha. Mwongozo una ukurasa mzima wa printa.

SaibaYaMama_Umoja · saa 3:27 usiku

Bure? BURE? Chapati nne na maharagwe kila alipokanyaga hapa, na elfu moja na mia tano nikamtumia kwa M-Pesa, ujumbe ninao! Na hata ingekuwa bure, tangu lini bure ikampa mtu ruhusa ya kuniita mvivu mbele ya wateja ishirini na watatu?

FundiGhorofaYaPili · saa 3:31 usiku

Mama, ni printa ya aina gani? Ile yenye skana juu? Basi najua. Printa nyingi za aina hiyo zinataka kipande kidogo cha programu kutoka kwa mtengenezaji, na msimbo wa hicho kipande, yaani maandishi ya ndani ya programu, haujawekwa wazi kwa watu. Ukisasisha mfumo, toleo la kipande na toleo la programu ya kuprintia hayalingani tena, basi printa inakaa kimya. Unakipakua upya, inaamka. Dakika tano, na kuna kidirisha cha kubonyeza, hata lile dirisha jeusi si lazima.

Na yeye anajua hivyo. Tatizo ni kwamba kipande si huru, na yeye kitu kisicho huru hagusi.

SaibaYaMama_Umoja · saa 3:32 usiku

DAKIKA TANO?!

Kuna kidirisha?! Cha kubonyeza?! Nilimwuliza NIBONYEZE WAPI! Hayo ndiyo maneno yangu, watu ishirini na watatu ni mashahidi!

Pengwini_Halisi · saa 3:35 usiku

Ni msimamo. Ukikubali kipande kimoja kilichofungwa leo, kesho wanakuletea kingine, keshokutwa mashine si yako tena. Hilo hamtaki kulielewa.

Mstaafu_Buruburu · saa 3:43 usiku

Wanangu, mimi nimekaa na kompyuta tangu enzi za disketi, na naona mmesahau kwamba harakati yote ya programu huru ilizaliwa kwenye printa. Richard Stallman, mwanzilishi wake, alikuwa chuo cha MIT kule Marekani, karibu na mwaka 1980, wakaletewa printa ya leza ya Xerox. Karatasi zilikuwa zinakwama, na mtu hajui hadi aende mwenyewe kuitazama. Ile printa ya awali alikuwa ameitengenezea programu ya kuwajulisha watu ikikwama. Kwa hii mpya akaomba msimbo chanzo afanye vivyo hivyo, akanyimwa. Hasira ile ndiyo iliyomfikisha 1983, alipotangaza GNU, mfumo wake huru. Linus Torvalds wa Linux alikuja baadaye, 1991, kule Helsinki.

Kwa hiyo mwanzo wake ni mtu aliyekwamishwa na printa, na mwenye uwezo wa kumsaidia akakataa. Leo mama huyu amekwamishwa na printa, na mwenye uwezo wa kumsaidia amekataa. Huyo kijana wetu wa stika ajiulize amekalia kiti cha nani.

SaibaYaMama_Umoja · saa 3:45 usiku

Mzee, Mungu akuweke. Huyo ndiye! Kwenye spika!

Pengwini_Halisi · saa 3:47 usiku

Stallman aliandika programu. Hakufungua uzi.

Konda_Mstaarabu · saa 3:49 usiku

Na wewe umeandika gani, buda? Miaka sita uko humu, sijaona hata kikokotoo.

Mwl_Kayole · saa 3:52 usiku

Mimi kinachoniuma ni hiyo mistari mia nne ya Kiingereza cha mafundi. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa chini wakaitafsiri OpenOffice, programu huru ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Nilikuwa nayo shuleni, watoto waliielewa. Kazi kama ile ndiyo inayomfungulia mtu mlango. Mwaka huo huo ndio Ubuntu, aina ya Linux, ilitoka, ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na tulikuwa tunatumiwa CD kwa posta bila kulipa senti. Jina lenyewe maana yake ni utu! Mtu anabeba kitu chenye jina la utu halafu anamkatia mama simu.

Mjane_wa_Faili · saa 4:01 usiku

Afadhali nyinyi mnaoachiwa mbonyeze wenyewe. Mimi natumia ule mfumo mwingine, Windows, wa kulipia, na mwaka juzi tulikuwa tunasafirisha mwili wa shangazi kwenda Siaya. Gari la maiti liko nje, injini inanguruma, mimi ndiye niliyepewa programu ya mazishi, kile kijitabu cha ibada, nimalizie ile historia ya marehemu. Nimebakisha jina la kitinda mimba. Kioo kikageuka buluu, kikaandika tafadhali usizime kompyuta. Nikangoja. Asilimia 12. Mjomba akaingia kuuliza. Asilimia 12. Mchungaji akaingia. Asilimia 13. Tuliomba mara mbili pale sebuleni na kuimba nyimbo tano. Shangazi yangu alizikwa bila programu, waombolezaji mia tatu wakisomewa kutoka kwenye simu ya mtu. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kusasishwa!

Konda_Mstaarabu · saa 4:04 usiku

Wueh. Asilimia 13 na mchungaji.

Jirani_wa_Pipeline · saa 4:08 usiku

Nyote mnalia juu ya kompyuta. Simu je? Nilichukua simu ya kulipa mdogo mdogo. Nikachelewa siku moja, MOJA, ni Jumapili, niko kwa matatu Mombasa Road. Simu ikajifunga. Kioo chote kinaniambia nilipe. Nalipa na nini wakati pesa ziko ndani ya hiyo simu? Makanga alinishusha Bellevue, nikatembea hadi Pipeline na viatu vya kanisani.

Kinyozi_Donholm · saa 4:10 usiku

Hao nao! Yangu nimemaliza kulipa tangu Februari na ile programu yao bado imo, haifutiki. Nikiigusa inaniambia sina ruhusa. Ruhusa ya nani? Simu nimemaliza kulipa!

FundiGhorofaYaPili · saa 4:13 usiku

Ile nimewahi kuwaondolea watu. Mleta simu aje na risiti ya malipo ya mwisho, sitaki mambo ya polisi.

Jirani_wa_Pipeline · saa 4:14 usiku

Unatoza ngapi?

SaibaYaMama_Umoja · saa 4:16 usiku

Jameni, uzi ni wangu! Tulikuwa tunazungumza juu ya mtu aliyesema uhuru si wa wavivu. Hajaomba msamaha. Nimeona yuko mtandaoni, taa yake inawaka, anasoma yote haya. Wewe! Nibonyeze wapi?!

FundiGhorofaYaPili · saa 4:18 usiku

Kwa simu ni mia tano, na usubiri nusu saa.

Kinyozi_Donholm · saa 4:19 usiku

Mia tano? Kuna kijana hapa Donholm anafanya kwa mia tatu.

FundiGhorofaYaPili · saa 4:20 usiku

Na akimaliza kamera inakufa. Mpelekee tu.

Mjane_wa_Faili · saa 4:26 usiku

Mama wa Umoja, samahani kukukatiza, tumefiwa tena upande wa baba. Unaweza kutoa programu 150 kufikia Alhamisi jioni, jalada la rangi, kurasa nane? Unatoza ngapi kila moja?

SaibaYaMama_Umoja · saa 4:29 usiku

Poleni sana na msiba, mpendwa. Kwa 150 nitakufanyia shilingi 80 kila moja, na kushona vitabu ni juu yangu. Fundi, hicho kidirisha kinaitwaje nikibonyeze usiku huu huu?

SaibaMpya_Innercore · saa 4:31 usiku

Mimi 65. Na printa yangu iko macho.