Kutu iliyojificha kwenye Peugeot 504 ya marehemu baba, nikate au nizibe?

Habari zenu wadau. Niko Kisumu, nina Peugeot 504 ya 1978 aliyoniachia marehemu baba. Kwa nje inang'aa, ila chini ya mlango wa dereva rangi imefura malengelenge. Jumamosi nilipitisha sumaku niliyoifunga kitambaa: kwenye paa ilishika, pale chini ikateleza kama juu ya ubao. Fila tupu, ule udongo wa kuzibia bati kabla ya rangi! Nikainua zulia, nikakuta sponji imelowa chepechepe. Nilipodunga bati kwa bisibisi, ilizama hadi kwenye mpini. Matundu ya kutolea maji yalikuwa yamezibwa na rangi. Nimeyazibua kwa waya, yakatoka maji mekundu kama chai ya rangi.

Fundi mmoja anataka kuziba kwa faiba (nyuzi za kioo zenye gundi) na fila, siku 2 tu. Naogopa, maana 504 haina chesisi ya peke yake, na lile boksi la bati lililo chini ya mlango ndilo linabeba uzito. Mwingine anasema akate mpaka afikie bati zima, achomelee jipya.

Naombeni ushauri wenu: akikata, bodi ishikiliwe wapi milango isije ikakataa kufunga? Ndani ya boksi nipake nini baada ya kuchomelea? Na upande wa abiria nitauchunguzaje bila kuukata? Gari hili ndilo lililokuwa likinipeleka shule Maseno, kuliuza vyuma chakavu siwezi.